Jiwe na Mahali Lilipotoka: Majibu kwa Wasomaji Wetu

Tangu tulipochapisha picha ya fuwele za kwatzi, yale madini magumu yanayofanana na kioo, zilizookotwa karibu na Kakamega, meza yangu hapa Kisumu imejaa bahasha zenye mawe, nyingine zikiwa zimetoboka njiani kwa uzito. Nimesoma barua zote. Sita ninazozijibu hapa nimezichagua kwa sababu maswali yake yanawahusu wengi, na zile zilizofika na mawe nimeyatazama mawe yake kwa lenzi kabla ya kushika kalamu.

Tulipokuwa tukichimba kisima nyumbani kwetu, kwenye kina cha kama mita 12, tulikuta mwamba mweupe wenye vidoadoa vya manjano vinavyometameta. Mtu anayejiita mnunuzi amekuja akasema ni dhahabu, naye anataka shilingi 5,000 za kuupima kabla hatujapatana bei. Nimekutumia kipande kidogo. Vijana wa nyumbani wanataka kuendelea kuchimba. Je, nimpe hizo pesa?
*Msomaji, Vihiga*

Usimpe, ndugu yangu. Kipande chako nimekiweka chini ya lenzi inayokuza mara 10, kisha nikakigusa kidoadoa kimoja kwa ncha ya sindano ya kushonea. Kiliinuka kama ukurasa wa kitabu, utando mwembamba unaopitisha mwanga, na nilipouachilia ukajirudia mahali pake. Huo ni ulanga. Ulanga mweusi unapokaa miaka mingi kwenye mwamba unaopitiwa na maji, huanza kuoza na kupata rangi ya shaba au ya dhahabu, nao umewapotosha watu wengi kabla yako. Sehemu nyeupe ya kipande ni kwatzi pamoja na feldispa, madini mengine ya rangi hafifu, na mchanganyiko huo wa vitu vitatu ndio graniti, mwamba uleule unaosimama kwa majabali makubwa katika milima ya Maragoli na kule Kit Mikayi.

Dhahabu ingejionyesha kwa namna nyingine kabisa. Ukiichoma kwa sindano huacha kishimo, kwa kuwa ni laini, wala haivunjiki wala haibanduki. Ukiligeuza jiwe juani kisha ukalipeleka kivulini, rangi ya dhahabu hubaki ileile, ilhali ulanga humeta kwa pembe moja na kuzimika kwa nyingine. Yupo pia mdanganyifu wa pili, naye ni pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Hiyo ni ngumu, hupasuka vumbi chini ya sindano, mara nyingi huwa na umbo la dadu lenye mistari myembamba ubavuni, na ukiisugua nyuma ya kigae cha bafuni, upande usiopakwa rangi, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Majaribio yote hayo yanahitaji sindano na kipande cha kigae, na hakuna hata moja linalogharimu shilingi 5,000.

Naelewa kwa nini mnunuzi huyo alisikilizwa. Dhahabu ya kweli ipo magharibi ya Kenya, tena katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, walowezi walimiminika kwa mamia, sheria ya ardhi ya wenyeji ikabadilishwa mwaka 1932 ili wenye mashamba waondolewe kwa urahisi, na mgodi wa Rosterman ukaendelea kuchimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bado wapo wanaochuja mchanga kwa karai katika mito ya huko, na wengine Migori na Siaya. Ila dhahabu hiyo hukaa zaidi katika mishipa ya kwatzi inayopita kwenye miamba ya kale ya volkeno na mashapo, na mwamba wa kisima chako ni graniti tupu.

Nikuongezee mambo mawili kwa kuwa umesema vijana wa nyumbani wanataka kuendelea kuchimba. Kwanza, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini yaliyo ardhini ni mali ya taifa, hata yakiwa chini ya shamba lako, na anayetaka kuyachimba kwa mkono sharti awe na kibali. Pili, asiwepo mtu wa kuwafundisha kuchoma zebaki, ile inayotumika kunasa dhahabu, juu ya jiko. Moshi wake hauonekani, nao huharibu ubongo na figo za wote waliomo nyumbani, watoto kwanza. Na mkivunja jiwe la kijivu linalong'aa kama bati likatoa harufu ya kitunguu saumu, liacheni na mnawe mikono, kwa maana lina aseniki, ambayo ni sumu.

Kipande chako ninakihifadhi. Kina thamani kwangu kwa sababu uliniandikia kilitoka wapi na kwa kina gani.

Mwanangu ameleta kutoka Menengai vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Mwalimu wake anasema si madini. Kama si madini, ni nini? Je, anaweza kuendelea kuviokota?
*Mama wa watoto watatu, Nakuru*

Mwalimu yuko sahihi, mama, ingawa najua jibu lake linamvunja moyo mtoto aliyepanda mlima kuvitafuta. Ili kitu kiitwe madini katika lugha ya wataalamu, lazima kiwe kigumu, kiwe kimejitengeneza chenyewe, na atomi zake ziwe zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Chumvi ya mezani ina utaratibu huo, ndiyo maana chembe zake huwa kama masanduku madogo. Vipande vya mwanao ni obsidiani, kioo cha volkeno. Uji wa moto ulipotoka ardhini ulipoa haraka mno, atomi zikagandia pale zilipofikia kabla ya kujipanga, kama watu walioshikwa na mvua sokoni wakasimama popote palipo na paa.

Mwonyeshe mwanao jambo hili. Achukue kipande kimoja akishike karibu na dirisha, atazame pale kilipovunjika. Ataona mikunjo ya mviringo inayopanuka kutoka sehemu moja, mfano wa kombe la chaza au mawimbi ya ziwa palipotupwa kokoto. Kitu kisicho na mpangilio ndani yake hakina njia rahisi ya kupasukia, basi hupasuka hivyo. Kisha auelekeze kwenye mwanga ukingo wake ulio mwembamba kabisa, na aangalie kupitia hapo: weusi utageuka kuwa kijivu au kahawia inayopitisha mwanga.

Ukingo huo ndio uliowafanya watu wa kale walipende jiwe hili. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, yamepatikana mashoka ya mkono ya obsidiani yaliyochongwa na binadamu wa zama za kale sana, na pale Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, vipo visu na vikwaruzio vidogo vya obsidiani. Kila mlima una mchanganyiko wake wa kemikali, kwa hiyo mtaalamu mwenye kifaa anaweza kupima kisu kilichookotwa mbali akajua kama jiwe lake lilitoka mlima wa Eburru au kwingineko. Jiwe hubeba anwani yake tumboni. Sisi tusio na kifaa hicho hatuna budi kuiandika kwenye karatasi.

Kuokota anaweza, ila si kila mahali. Ndani ya mbuga na katika maeneo ya makumbusho hairuhusiwi kuondoa chochote, na kipande kilichochongwa na mkono wa mtu, hata kikilala barabarani, kinalindwa na sheria. Kama ukingo una vijipengo vingi vidogo vilivyopangwa kwa mstari, akiache. Na asivunje obsidiani bila miwani. Vibanzi vyake huruka na ni vikali kuliko wembe.

Katika shamba la marehemu babu, aliyekuwa mhunzi kama baba yake, kuna mawe mazito yenye mistari myekundu na meusi kama kitambaa. Moja nimelipima kwenye mizani ya duka likawa gramu 320. Nitajuaje lina chuma kiasi gani?
*Msomaji, Funyula*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Vilima vya Samia vina mwamba wa chuma wenye mistari, na wahunzi wa Samia walijulikana kote kandokando ya ziwa kwa majembe yao muda mrefu kabla ya majembe ya dukani. Mawe ya babu yako ni malighafi aliyoijua kwa mkono. Mistari hiyo iliwekwa moja juu ya nyingine chini ya maji ya bahari ya kale mno, wakati hewa ya dunia ilikuwa bado haina oksijeni ya kutosha: tabaka la chuma, tabaka la silika, tabaka la chuma tena.

Kwanza tambua ni chuma cha aina gani. Sugua mstari mweusi nyuma ya kigae. Ukiacha unga mwekundu wa rangi ya udongo uliochomwa, hiyo ni hematiti, hata kama jiwe lenyewe linaonekana jeusi au la fedha. Ukiacha unga mweusi, na sumaku uliyoitundika kwa uzi ikavutwa upande wa jiwe, hiyo ni magnetiti. Mara nyingi utazikuta zote mbili katika jiwe moja.

Kuhusu kiasi, unayo mizani tayari, basi fanya hivi. Weka kikombe chenye maji nusu juu ya mizani na uisome. Funga jiwe kwa uzi, ulizamishe lote ndani ya maji ukilishikilia lisiguse chini wala ubavuni, kisha usome tena. Nyongeza unayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito wa jiwe kavu kwa nyongeza hiyo. Tuseme nyongeza ni gramu 80: 320 kwa 80 ni 4. Kwatzi safi hutoa 2.65, na hematiti safi hutoa kama 5.3, kwa hiyo jiwe la 4 ni karibu nusu hematiti na nusu silika kwa ujazo. Ukipata 3, lina mawe matupu zaidi. Ukikaribia 5, umeshika jiwe ambalo babu yako angelichagua mwenyewe kwa tanuri lake.

Nakuomba jambo moja. Kama yupo mzee hai anayekumbuka mawe yalichimbwa ubavu gani wa kilima, mkaa ulitokana na mti gani na nani alivuta mvukuto, andika maneno yake uyaweke pamoja na jiwe.

Niliokota fuwele nzuri nyeupe kwenye mawe ya chokaa. Kwa kuwa zilikuwa na udongo mwekundu nilizilaza kwenye siki usiku kucha. Asubuhi zimefifia, zimekuwa kama sabuni iliyolowa. Zinaweza kurudi?
*Msomaji, Koru*

Haziwezi, na pole sana. Fuwele zako ni kalisaiti, ambayo ni chokaa iliyojipanga, na asidi ya siki imekula uso wake wote. Povu uliloliona ulipozitia lilikuwa gesi ya kaboni dayoksidi ikitoka kwenye jiwe lenyewe. Tone moja la siki au la ndimu, mahali pasipoonekana, ni kipimo kizuri cha kutambua kalisaiti, ila kulilaza jiwe humo ni kulimaliza.

Udongo hutolewa kwa maji matupu na mswaki laini, kwa subira ya siku kadhaa ikibidi. Hata maji si ya kila jiwe: magadi tunayotia kwenye mboga za kienyeji yatayeyuka mikononi mwako, na pairaiti iliyowekwa bila kukaushwa vizuri huanza kuoza, ikatoa asidi inayotafuna sanduku na majirani zake. Ukipata kipande cha kalisaiti kinachopitisha mwanga, kiweke juu ya gazeti kabla ya kukiosha kwa chochote. Kila herufi itaonekana mara mbili.

Watoto wetu wameona kitu kama jino ndani ya mwamba ufukweni. Tukitoe?
*Msomaji, Rusinga*

Msikitoe. Kisiwa chenu ndicho ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, mwaka 1948, na visukuku vyote, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006. Kipigeni picha na sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane, wekeni alama ya mahali kwa simu, mkapeleke habari Makumbusho ya Kisumu. Jino likiwa ndani ya mwamba wake humweleza mtaalamu tabaka na umri. Likifika kwenye meza yangu ndani ya bahasha limeshapoteza zaidi ya nusu ya habari zake.

Nimehamishiwa shule ambayo kabati la jiografia lina mawe kama 60 yaliyoachwa na mwalimu aliyestaafu zamani. Hayana maandishi. Mwalimu mkuu anataka kabati litumike kwa vitabu. Je, kuna sababu ya kuyatunza?
*Mwalimu, Bungoma*

Ipo, mwalimu mwenzangu, lakini itakubidi uyagawe. Kabla ya yote, tafuteni daftari. Mtu aliyekusanya mawe 60 kwa kawaida aliandika mahali fulani, na daftari hilo huenda liko kwenye droo ya ofisi au nyumbani kwake. Kama mzee yuko hai, mpelekeeni mawe, au hata picha za mawe. Nimewahi kuona mstaafu akishika jiwe aliloliokota miaka 30 nyuma akataja daraja, upande wa barabara na mwanafunzi aliyekuwa naye.

Daftari likikosekana, mawe hayo bado yanafaa kufundishia. Kipimo cha ugumu alichokipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, kutoka talki ambayo ni 1 hadi almasi ambayo ni 10, wanafunzi wako wanaweza kukitumia kwa vitu vya darasani: ukucha ni kama 2.5, kisu cha kawaida na kioo cha dirisha ni kama 5.5, na kwatzi ambayo ni 7 hukwaruza vyote hivyo. Waache waligombanie jiwe moja moja mpaka wakubaliane. Humo kabatini huenda pia limo jiwe la zambarau au la kijani linalopitisha mwanga, ambalo kisu hulikwaruza na ambalo hupasuka kwa pande laini zilizoinama. Hiyo ni floraiti, yenye ugumu wa 4.

Hapo ndipo utajaribiwa. Utasema moyoni kwamba floraiti hii bila shaka ilitoka Kerio, kwa sababu huko ndiko ilikochimbwa kwa wingi, na mkono utataka kuandika Kerio. Usiandike. Andika «mahali hapajulikani», kwa maana kosa likishakaa kwenye karatasi halitofautiani na ukweli, na mwalimu atakayekufuata hatakuwa na njia ya kulitambua. Haya nayasema kwa uchungu. Mimi mwenyewe nilibandika lebo za karatasi kwa gundi ya unga, nikafunga masanduku, na niliporudi baada ya msimu mmoja wa mvua mende walikuwa wamekula gundi pamoja na maandishi. Mawe 23 ya miaka yangu ya kwanza, mengine ya Mlima Elgon yenye madini ya zeolaiti, meupe kama pamba, katika vishimo vyake, sasa ni mawe tu. Ninayapenda, wala siwezi kuyaeleza.

Tangu hapo ninafanya hivi, nawe ufanye hivyo. Chagua sehemu ya jiwe isiyo na uzuri, paka tone la rangi nyeupe lenye ukubwa wa punje ya mtama, andika namba juu yake kwa wino mweusi, likikauka lifunike kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Namba hiyo hailiwi na mende. Maelezo yake yaingie kwenye daftari lenye jalada gumu, na nakala nyingine ikae mbali na kabati. Andika lilikotoka kwa namna ambayo mgeni angeweza kufika penyewe bila kukuuliza, lilikuwa ndani ya mwamba au limelala juu ya ardhi, tarehe, na nani aliyeruhusu lichukuliwe. Jina la madini laweza kuandikwa baadaye na kusahihishwa mara tatu, mahali hapasahihishwi.

Kwa hiyo mwombe mwalimu mkuu rafu moja tu, ile ya chini, kwa kuwa mawe ni mazito. Mawe ya zamani yakae upande wa kushoto na maandishi yake ya kweli kwamba mahali hapajulikani. Upande wa kulia uanze na namba 1, na kwa idhini ya ndugu yetu wa kisima cha Vihiga nitakutumia wewe nusu ya kipande chake, kikiwa na maneno haya: «Graniti yenye ulanga uliooza. Shimo la kisima, kina cha kama mita 12, Vihiga. Kilikuwa ndani ya mwamba. Kimetolewa na mwenye shamba.» Jina la kijiji atakujazia yeye mwenyewe.